Mfereji, soko na barabara: namna ya kupeleka hoja yako kwenye mikutano ya maendeleo

Mvua ikinyesha usiku kucha, asubuhi unajua utakachokuta sokoni. Maji yamesimama mbele ya vibanda, tope limefika kwenye meza za wauza nyanya, na takataka za jana zimesukumwa hadi mlangoni kwa fundi cherehani. Watu wanasimama na kuulizana: nani anashughulikia jambo hili? Mmoja anasema ni OPM. Mwingine anasema ni UNHCR. Wa tatu anasema ni shirika lililojenga soko, na wa nne anasema ni mwenyekiti wa LC. Mwishowe kila mtu anarudi kwenye biashara yake, na mfereji unabaki umeziba hadi mvua nyingine.

Makala hii inakueleza ni nani anayeamua kuhusu mambo kama haya nchini Uganda, ni mikutano gani ambako viongozi huyajadili, na wewe, uwe mkimbizi au mwenyeji, unawezaje kufikisha hoja yako hapo kabla fedha hazijagawanywa. Tunatumia mfano wa makazi ya Nakivale katika wilaya ya Isingiro, na jiji la Mbarara lililo karibu nayo. Maelezo mengi yanafaa pia Kyaka II, Kyangwali, Rwamwanja, Oruchinga na kwingineko.

Kwa nini jambo hili linakuhusu sasa

Uganda inahifadhi wakimbizi zaidi ya milioni 1.7, idadi kubwa kuliko nchi nyingine yoyote ya Afrika. Kwa miaka mingi huduma katika makazi zilitegemea sana mashirika ya misaada. Shirika lilichimba kisima, shirika likajenga darasa, shirika likatengeneza barabara. Siku hizi misaada inapungua, na wewe mwenyewe umeiona kwenye posho. Mwaka 2023 WFP ilianza kugawa msaada wa chakula kwa kufuata makundi ya uhitaji, na kuna familia zilizoondolewa kabisa kwenye orodha.

Wakati huohuo serikali imeingiza wakimbizi kwenye mipango yake. Mpango wa Tatu wa Taifa wa Maendeleo, ulioanza mwaka wa fedha 2020/21, ulitaka wilaya zinazohifadhi wakimbizi ziwahesabu wakimbizi zinapopanga huduma. Maana yake ni kwamba maamuzi mengi yaliyokuwa yakifanyika katika ofisi za mashirika yanahamia kwenye vikao vya gombolola, wilaya na jiji. Kama hujui vikao hivyo viko wapi, mambo ya mtaa wako yataamuliwa na watu wasiojua maji yanasimama wapi mvua ikinyesha.

Makazi yanapogeuka kuwa mji

Nakivale ilitambuliwa rasmi kuwa makazi ya wakimbizi mwaka 1960, kwa ajili ya watu waliokimbia Rwanda. Ni miongoni mwa makazi ya zamani zaidi barani Afrika. Leo wanaishi pale Wakongo, Warundi, Wasomali, Wanyarwanda, Waethiopia, Waeritrea na wengineo, pamoja na Waganda wanaoishi jirani. Ukipita Base Camp utaona maduka ya simu, hoteli, mashine za kusaga, vituo vya bodaboda, saluni na ofisi za kutuma pesa. Mtu asiyejua historia yake angedhani ni mji mdogo kama mingine mingi.

Lakini mji hauwi mji kwa sababu ya maduka peke yake. Sheria ya Serikali za Mitaa ya Uganda ya mwaka 1997 imeweka masharti. Ili eneo litangazwe kuwa mji, linatakiwa kuwa na watu zaidi ya 25,000. Manispaa inahitaji zaidi ya 100,000, na jiji zaidi ya 500,000. Pia eneo linatakiwa kuwa na uwezo wa kugharamia huduma, ofisi zake, mpango wa matumizi ya ardhi na vyanzo vya maji. Makazi ya wakimbizi yanaweza kuwa na watu wengi kuliko miji kadhaa, lakini yakabaki makazi tu kisheria, bila baraza la mji, bila mhandisi wa mji na bila bajeti ya mji.

Hapo ndipo matatizo mengi yanapoanzia. Viwanja viligawanywa kwa ajili ya nyumba na shamba dogo, lakini sasa pana soko lenye watu maelfu. Njia iliyokuwa ya miguu sasa inapitisha malori. Choo kilichochimbwa kwa familia moja kimekuwa nyuma ya hoteli. Mipaka kati ya ardhi ya makazi na mashamba ya wenyeji inaleta ugomvi kila nyumba zinapoongezeka.

Nani ana mamlaka gani?

Kabla hujapeleka hoja, jua inapaswa kwenda kwa nani. Watu wengi hupoteza miezi kwa kupeleka swali zuri kwenye ofisi isiyohusika.

- OPM (Ofisi ya Waziri Mkuu). Inasimamia wakimbizi na ardhi ya makazi. Mwakilishi wake katika makazi ni komanda. Mambo ya kiwanja, mipaka ya ardhi uliyopewa na ruhusa ya kuendesha mradi ndani ya makazi yanapitia kwake.
- RWC (Baraza la Ustawi wa Wakimbizi). Hawa ni viongozi mliowachagua wenyewe, katika ngazi tatu: RWC I kwa kijiji, RWC II kwa eneo, RWC III kwa makazi yote. Muundo huu unafanana na ule wa LC. RWC haina bajeti ya barabara, lakini ndiyo njia yako ya kwanza ya kufikisha hoja.
- LC1 na LC2. Ni uongozi wa kijiji na wa muluka kwa upande wa wenyeji.
- LC3 (gombolola). Hii ni serikali kamili ya ngazi ya chini. Ina baraza la madiwani waliochaguliwa, ina wataalamu na ina bajeti. Inakusanya ada na kodi ndogo ndogo, na inashughulikia njia za jamii.
- LC5 (wilaya). Inashughulikia barabara za wilaya, shule za serikali, vituo vya afya, maji na mipango ya ardhi ya wilaya nzima.
- Jiji. Mbarara ilipewa hadhi ya jiji tarehe 1 Julai 2020, pamoja na Arua, Gulu, Jinja, Fort Portal, Mbale na Masaka. Mkimbizi anayeishi mjini yuko chini ya huduma za jiji kama mkazi mwingine. Hoja yake ianze kwa LC1 wa mtaa anaokaa.

Barabara kuu za taifa ziko chini ya Wizara ya Ujenzi na Uchukuzi. Kwa hiyo ukilalamikia shimo lililo kwenye barabara kuu mbele ya mwenyekiti wa gombolola, anaweza kukuandikia barua ya kukuunga mkono, lakini hawezi kuleta greda.

Mikutano mitano unayopaswa kuijua

1. Mkutano wa kijiji. Kwa wakimbizi huitishwa na RWC I, kwa wenyeji huitishwa na LC1. Ni mkutano wa watu wazima wanaoishi pale. Usiudharau kwa sababu unafanyika chini ya mti. Hoja isiyo kwenye kumbukumbu za kijiji ni vigumu kupanda juu.

2. Baraza. Waganda wamelichukua neno hili la Kiswahili jinsi lilivyo. Mwaka 2009 serikali ilianzisha utaratibu unaoitwa Baraza chini ya Ofisi ya Waziri Mkuu. Wataalamu wa serikali wanakuja kwenye gombolola na kueleza mbele ya watu wote walipokea fedha kiasi gani, walifanya nini nazo na nini kimebaki. Kisha watu wanauliza maswali kuhusu afya, elimu, kilimo, maji na barabara. Mara nyingi ofisi ya RDC, yaani mwakilishi wa rais wilayani, ndiyo inayouongoza. Mkutano huu ni wa kudai majibu kuhusu fedha zilizokwisha kutolewa. Hapo unaweza kuuliza: "Mfereji ulioandikwa kwenye ripoti ya mwaka jana uko wapi?"

3. Mkutano wa bajeti. Gombolola na wilaya huitisha mkutano huu ili kupanga matumizi ya mwaka wa fedha unaofuata. Ukikosa huu, utasubiri mwaka mzima. Tutauzungumzia zaidi hapa chini.

4. Jukwaa la maendeleo ya mji. Hili linahusu miji. Lilianza kupata nguvu kupitia mpango wa TSUPU, uliozinduliwa mwaka 2010 katika miji mitano: Arua, Jinja, Kabale, Mbale na Mbarara. Baadaye lilienea katika manispaa nyingine kupitia mradi wa USMID uliofadhiliwa na Benki ya Dunia. Katika jukwaa hili wanakaa pamoja viongozi wa manispaa au jiji, wakazi wa mitaa ya mabanda, wafanyabiashara, viongozi wa dini, vyuo na mashirika. Wanajadili takataka, taa za barabarani, masoko, nyumba, usafiri na mifereji. Jukwaa halipitishi sheria wala bajeti. Kazi yake ni kushauri na kusukuma, kisha baraza la jiji ndilo linaloamua. Lakini diwani aliyesikia jambo moja mara tatu mbele ya wafanyabiashara na viongozi wa dini hawezi kusema hakulijua.

5. Jukwaa la Ushiriki wa Wakimbizi (REF). Lilianzishwa mwaka 2018. Linakusanya wawakilishi wa wakimbizi kutoka makazi mbalimbali na kutoka Kampala, na wajumbe wake hushiriki katika Kamati Elekezi ya CRRF, ambako serikali, wafadhili na mashirika hukaa meza moja. Hoja ya mfereji mmoja haiendi huko. Lakini kama makazi mengi yana tatizo lilelile, kwa mfano wilaya kukosa fedha za kuzoa takataka katika masoko ya makazi, hapo ndipo mahali pake. Muulize kiongozi wako wa RWC III ni nani anayewakilisha makazi yenu.

Mkimbizi anaruhusiwa kusema nini?

Hili ni swali tunaloulizwa mara nyingi, na watu wengi hukaa kimya kwa hofu. Jibu liko katika Sheria ya Wakimbizi ya mwaka 2006.

Sheria hiyo inakupa haki ya kufanya kazi, kutembea kwa uhuru kwa kufuata taratibu, na kujiunga na vyama visivyo vya kisiasa na visivyotafuta faida. Inakukataza kushiriki shughuli za kisiasa ndani ya Uganda. Hupigi kura katika uchaguzi wa LC wala wa bunge, hugombei, na hupaswi kumfanyia mgombea kampeni.

Kuuliza kwa nini soko halina choo si kampeni. Kupendekeza njia ipanuliwe si kampeni. Kuomba hesabu ya ada ya soko si kampeni. Lakini ukisimama barazani ukasema "Diwani huyu hafai, mwakani tumchague fulani," umevuka mstari. Zungumzia huduma, acha mambo ya vyama na wagombea. Na mwaka wa uchaguzi uwe mwangalifu zaidi, kwa sababu mgombea anaweza kuja na fulana na soda akiuita mkutano wake "mkutano wa maendeleo". Ukiona rangi za chama, ondoka kwa adabu.

Jambo jingine ni ardhi. Kiwanja ulichopewa na OPM ni cha kutumia wewe na familia yako. Kanuni za Wakimbizi za mwaka 2010 haziruhusu kukiuza wala kukikodisha. Kwa hiyo ukisimama barazani na kulalamika kwamba "kiwanja nilichonunua kwa jirani kimepitiwa na barabara", unajiweka matatani. Shauri la namna hiyo lipeleke kwanza kwa RWC au kwa wanaotoa msaada wa kisheria, wakushauri.

Kalenda ya fedha: lini useme nini

Mwaka wa fedha wa Uganda unaanza tarehe 1 Julai na kuisha tarehe 30 Juni. Hoja nzuri ikija nje ya wakati, jibu utakalopewa ni "bajeti imeshafungwa". Panga hivi:

- Julai hadi Septemba. Fanyeni mikutano ya vijiji. Chagueni mambo mawili au matatu ya kwanza.
- Oktoba na Novemba. Kwa kawaida huu ndio wakati wa mikutano ya bajeti ya gombolola na wilaya. Hoja yenu iwe tayari kwa maandishi.
- Januari hadi Aprili. Rasimu ya bajeti inajadiliwa. Muulize diwani au chifu wa muluka kama jambo lenu limeingia.
- Mei. Mabaraza hupitisha bajeti. Baada ya hapo kubadilisha ni vigumu.
- Wakati wowote. Baraza likiitishwa, ulizeni kuhusu kazi zilizokwisha kulipiwa.

Kuna jambo moja wafanyabiashara wengi hawalijui. Sheria inasema gombolola ibaki na asilimia 65 ya mapato ya ndani inayokusanya, na asilimia 35 iende wilayani. Kama unalipa ada ya soko na unapewa risiti, sehemu kubwa ya pesa yako haitoki katika gombolola hiyo. Una haki ya kuuliza imefanya nini. Usipochukua risiti, huna cha kuonyesha, na pengine hata gombolola haijui kwamba umelipa.

Jinsi ya kuandaa hoja: mfano wa mfereji wa soko

Tuseme wewe na wenzako mnauza samaki na mboga katika soko ambalo hujaa maji kila msimu wa mvua. Fuateni hatua hizi.

Kwanza, lipimeni tatizo. Maneno "tunateseka sana" yamesikika katika kila mkutano. Hesabuni vibanda vinavyoingia maji. Pimeni urefu wa mfereji unaohitajika, hata kwa hatua za miguu. Andikeni ni siku ngapi soko lilifungwa msimu uliopita. Pigeni picha mvua ikinyesha, si wiki mbili baadaye jua likiwaka.

Pili, tafuteni chanzo. Je, mfereji haupo, au upo na umeziba kwa mifuko ya plastiki? Kama umeziba, sehemu ya jibu iko mikononi mwenu. Kiongozi atawauliza hilo, afadhali mlijibu kabla hajauliza.

Tatu, kaeni na wenyeji. Maji yakitoka sokoni yanakwenda wapi? Kama mfereji wenu utamwaga maji kwenye shamba la migomba la jirani, mmehamisha tatizo na kuanzisha ugomvi. Mwenye shamba awe katika kikao tangu mwanzo. Hoja iliyowekwa saini na RWC na LC1 kwa pamoja ina uzito kuliko barua mbili zinazopingana. Isitoshe, sera ya Uganda inataka karibu asilimia 30 ya msaada unaoletwa kwa ajili ya wakimbizi iwafikie wenyeji, kwa hiyo mradi unaowafaa wote ni rahisi zaidi kupata fedha.

Nne, andikeni ukurasa mmoja. Andikeni tatizo, mahali, idadi ya watu wanaoathirika, mnachoomba, na mtakachochangia ninyi. Mchango unaweza kuwa kazi ya mikono, usafi wa kila Jumamosi, au kamati ya kuangalia mfereji. Wekeni tarehe. Tengenezeni nakala tatu: ya RWC au LC1, ya gombolola na ya kwenu. Nakala yenu igongwe muhuri wa kupokelewa.

Tano, chagueni msemaji mmoja na msaidizi wake. Angalau mmoja wao awe mwanamke au kijana. Wanawake ndio wengi katika masoko, lakini mara nyingi mkutano unaisha wazee wakiwa wamesema peke yao.

Siku ya mkutano

Fika mapema. Jiandikishe kwenye daftari la mahudhurio na uombe mapema jina lako liwekwe kwenye orodha ya wasemaji. Utapewa dakika mbili au tatu tu, basi usizimalize kwa salamu ndefu. Unaweza kusema hivi:

"Mheshimiwa mwenyekiti, waheshimiwa madiwani, wazee wetu na ndugu wote, habari za asubuhi. Mimi ni mfanyabiashara wa soko letu. Nazungumza kwa niaba ya wenye vibanda 64, wakimbizi na wenyeji. Msimu uliopita soko lilifungwa siku tisa kwa sababu ya maji. Tunaomba mfereji wa mita 180 kutoka sokoni hadi bondeni. Mwenye shamba la bondeni amekubali, na saini yake iko hapa. Sisi tutachimba, tunaomba gombolola itupatie mawe, saruji na fundi. Tungependa kujua kama jambo hili litaingia katika bajeti ijayo. Asante."

Hizo namba ni za mfano tu, wewe weka zako za kweli. Angalia jinsi swali la mwisho lilivyo: linataka jibu la ndiyo au hapana. Ukimaliza kwa "tunaomba mtusaidie", utajibiwa "tumesikia", na "tumesikia" haichimbi mfereji.

Kuhusu lugha: huko Isingiro na Mbarara mikutano mingi huendeshwa kwa Kinyankole na Kiingereza. Usione haya kuomba mkalimani. Katiba ya Uganda inakitaja Kiswahili kuwa lugha rasmi ya pili. Mwambie katibu siku kadhaa kabla, atafute mtu. Kama una ulemavu wa kusikia au wa viungo, mwambie pia, mahali pa kukutania paandaliwe vizuri.

Baada ya mkutano ndipo kazi inapoanza

Wengi wanaporudi nyumbani hudhani wamemaliza. Hapana. Fanyeni haya:

- Omba kumbukumbu za mkutano. Angalia kama hoja yenu imeandikwa, na ni nani aliyepewa jukumu la kuifuatilia.
- Baada ya mwezi mmoja, watu wawili waende kwa afisa huyo na nakala yenye muhuri. Waende kwa upole, lakini waende.
- Rudini kwa watu wenu na muwaambie ukweli, hata kama jibu ni "si mwaka huu". Kiongozi anayerudi na jibu baya huaminiwa kuliko asiyerudi kabisa.
- Kazi ikianza, iulizeni: mkandarasi ni nani, gharama ni kiasi gani, itaisha lini? Kwa kawaida taarifa hizo huandikwa kwenye kibao cha mradi. Kama hakuna kibao, ulizeni kwa nini.

Kama hamkusikilizwa

Kuna njia nyingine. Mkimbizi anaweza kupeleka malalamiko kwa dawati la ulinzi, kwa ofisi ya komanda, au kupitia FRRM, laini ya simu ya bure ya pamoja ya mashirika. Namba yake utaipata kwenye mbao za matangazo na kwa RWC wako. Kama unashuku fedha za umma zimeliwa, taarifa hupelekwa kwa Inspekta Mkuu wa Serikali, IGG. Usimtuhumu mtu kwa jina mbele ya mkutano bila ushahidi. Unaweza kuharibu hoja nzuri na kujitafutia kesi.

Na kama mtu yeyote anakuomba pesa ili hoja yako isomwe, usitoe. Kusema barazani hakulipiwi.

Kwa ndugu zetu wenyeji

Huenda unasoma makala hii ukijiuliza: mbona wanazungumziwa wakimbizi tu? Swali lako ni la haki. Maji unayochota, barabara unayopitishia matoke yako kwenda sokoni na kituo cha afya unachompeleka mtoto ni vilevile wanavyotumia wao. Isingiro ilikuwa miongoni mwa wilaya nane zinazohifadhi wakimbizi zilizoongezwa katika mradi wa USMID mwaka 2018, kwa sababu ya kuhifadhi wakimbizi. Una kitu ambacho jirani yako mkimbizi hana: una kura, na diwani anakuhitaji. Yeye naye ana wateja, nguvu kazi na mashirika yanayomsikiliza. Mkifika mkutanini pamoja, mna vyote hivyo. Mkifika kila mtu na lake, ni rahisi kila upande kuambiwa kwamba fedha zimekwenda kwa wale wengine.

Maswali mafupi

*Sina kitambulisho cha mkimbizi bado, naweza kuhudhuria?* Mkutano wa kijiji na baraza ni mikutano ya wazi. Lakini fuatilia usajili wako, kwa sababu idadi ya watu waliosajiliwa ndiyo inayotumika kupanga huduma.

*Nataka kujenga duka la matofali sokoni. Niulize wapi?* Anza kwa komanda kama uko ndani ya makazi. Tangu Sheria ya Mipango ya Ardhi ya mwaka 2010, nchi nzima ya Uganda ni eneo la mipango, na kuna kamati za mipango katika wilaya, miji na magombolola. Ukijenga bila ruhusa, nyumba yako inaweza kubomolewa njia ikipanuliwa.

*Tulishawahi kusema na hakuna kilichofanyika. Kwa nini turudi?* Kwa sababu mwaka ujao bajeti itaandikwa tena, muwepo au msiwepo. Fedha ni kidogo na vijiji ni vingi. Waliorudi na karatasi yenye muhuri wana cha kuanzia. Wasiorudi wanaanza upya.

Wiki hii fanya jambo moja tu: muulize mwenyekiti wako wa RWC I au LC1 mkutano ujao wa kijiji ni lini, na mkutano wa bajeti wa gombolola ni lini. Ziandike tarehe hizo kwenye simu yako, kisha mwambie na jirani.